Lori la Kijani Lilipokwenda Kuposa

Najua wengi wenu mmeshaisikia habari hii kutoka Nyakatuntu, maana watu wa kule hawawezi kuuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi bila kuisimulia, na kila wakiisimulia mimi nazidi kuwa mjinga na lile lori linazidi kuwa kubwa, mara ya mwisho nilisikia eti nilivaa kofia ya chuma na kushika bunduki. Sikuwa na bunduki. Nilikuwa na suti ya kuazima. Leo nitaisema mwenyewe kwa mdomo wangu, ili kama ni kuaibika niaibike kwa yale niliyoyafanya kweli, na hayo peke yake yanatosha kabisa.

Yote yalianzia kwenye baiskeli ya mtu mwingine. Nilikuwa nimerudi kutoka vitani mzima, na mtu akirudi hivyo watu humheshimu bila kumuuliza alikuwa akifanya nini huko (nilikuwa mpishi, maharage nimeyapika mpaka Burma, lakini hakuna aliyeuliza na mimi si mtu wa kuwakatiza watu wanapoheshimu). Basi kwenye harusi moja hapa kwetu Nyakasimbi nikakaa na akina mama kuwasaidia kumenya ndizi, kwa kuwa mikono ilikuwa imezoea, na binti mmoja akasimama akaniangalia ninavyozimaliza, akasema, "Mwanajeshi, kumbe vita vyenu vilikuwa vya ndizi?" Wote wakacheka. Huyo alikuwa Kokunura, binti wa Mzee Kashaija wa Nyakatuntu, na kuanzia siku ile sikupata usingizi wa maana.

Sasa hapo ndipo baiskeli inapoingia. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa kahawa kutoka Muleba, kijana nadhifu, naye alikuwa amempenda huyo huyo, na alikuwa na baiskeli yenye taa mbele na kengele yenye sauti mbili. Mzee Kashaija alitupangia siku, sisi wa Nyakasimbi tuje kwanza, yule wa Muleba aje juma linalofuata, na akasema wazi kwamba akisikilizana na waliotangulia, wa pili asijisumbue kupanda vilima. Maana yake ni kwamba tukiharibu siku yetu, Koku anakwenda Muleba juu ya baiskeli. Na mimi nilikuwa na nini? Miguu miwili na sifa za kwenda Burma.

Ndipo nikalinunua lori. Lilikuwa lori la jeshi lililokufa wakati wa vita, likaachwa nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja pale Kayanga, kuku wake wakahamia ndani, na mti wa mtunguja ukaota chini ukapita kwenye injini ukatokea juu kwa boneti, ukazaa kabisa. Mwenye duka alipoona nalizunguka zunguka alinyamaza kimya, nadhani aliogopa kwamba akisema neno nitazinduka. Nikampa pesa yangu ya jeshi yote. Vijana wa kwetu walikuja wakalisukuma kutoka Kayanga mpaka nyumbani, wakiimba, na kuku mmoja alikataa kushuka, tukafika naye.

Fundi wangu alikuwa Petro, naye pia mtu wa Muleba (sikulishikilia jambo hilo), Mlutheri mkimya ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli na cherehani. Aliniambia mapema kwamba injini ya lori hajawahi kuifungua lakini haogopi, kwa sababu hata cherehani ya kwanza hakuwa ameifungua kabla ya kuifungua. Tukafanya kazi msimu mzima. Mtunguja tuliukata, mizizi tukaichomoa kwenye kabureta kwa sindano. Rejeta ilikuwa inavuja kama kikapu, tukaiziba kwa sabuni ya kufulia, ikavuja kidogo na kutoa povu. Mipira ya ndani ya magurudumu haikupatikana mpaka Bukoba, basi tairi tukazishindilia majani makavu ya migomba mpaka zikawa ngumu, zikabeba vizuri tu ila ukitembea zilikuwa zinachakarisha kama mtu anayegeuka kitandani. Breki ilishika gurudumu moja, la nyuma kushoto, na Petro akasema gurudumu moja likisimama mengine yatakwenda wapi. Viti vya nyuma tuliazima mabenchi ya kanisa, kwa ruhusa ya mwinjilisti, kwa sharti kwamba yarudi kabla ya Jumapili. Na siku injini ilipokubali kuwaka baada ya Petro kupiga hendeli mpaka shati likaloa, mama yangu alitupa ungo wa maharage akaingia ndani akafunga mlango, nasi tukalicheka jambo hilo sana. Laiti ningelifikiria badala ya kulicheka.

Ikabaki rangi. Hapa ndipo nilipoyakoroga, na mnisikilize vizuri, maana yote yaliyofuata yametoka kwenye kopo moja. Petro alikuwa na rangi ya bluu iliyobaki walipopaka madirisha ya misheni, akaja nayo na brashi yake. Lakini mimi kwenye sanduku la vifaa la lori nilikuwa nimekuta kopo la kijani chenyewe cha jeshi, limefungwa vizuri, zito.

"Bitegeko," Petro akaniambia, "vita vimekwisha. Hili sasa ni gari la kahawa na la wakwe. Tulipake bluu."

"Bluu ni rangi ya madirisha," nikamjibu.

Akanitazama, akaweka kopo lake chini, akasema, "Haya." Petro akisema haya ujue hajakubali, amechoka tu. Tukalipaka kijani mpaka kwenye vishikio vya milango. Kisha mimi mwenyewe, kwa chokaa na kwa mkono wangu huu, nikaziandika upya zile namba nyeupe za jeshi kwenye boneti, nikachora na nyota ubavuni (sijui nyota ilitoka wapi, ilinijia tu). Likang'aa. Na kwa kuwa nilitaka Mzee Kashaija ashangae, sikutuma habari kwamba tunakuja na gari. Kwao walijua tunakuja kwa miguu, kama watu wote.

Siku yenyewe tukaondoka alfajiri na ukungu wake, mnajua baridi ya kwetu. Nyuma walipanda wazee wa ukoo wakiongozwa na baba yangu mdogo Kaijage, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, mtu anayependa kuongea kuliko kula, na kwa sababu ya baridi kila mzee alikuwa amevaa kabuti. Kumbukeni miaka ile baada ya vita makabuti ya jeshi yaliuzwa mnadani kama viazi, hapakuwa na mzee wa heshima Karagwe nzima asiye na kabuti la kaki lenye vifungo vya shaba. Basi hebu oneni wenyewe: lori la kijani lenye namba na nyota, moshi mweusi nyuma, na juu yake wanaume waliojipanga kwenye mabenchi, wote kaki, wote kimya, wakishikilia fimbo zao wima ili zisiwaumize kwenye mashimo. Mimi ndani niliona msafara wa harusi. Nasema kweli, niliona hivyo tu.

Kijiji cha kwanza tulichopita, watu walikuwa shambani. Walipotuona walitupa majembe wakaingia migombani mbio. "Unaona?" nikamwambia Petro. "Wanakimbia kuitana waje watazame." Petro akasema pengine. Mbele kidogo akina mama walikuwa wamesimama kilimani, mikono mdomoni, wanapiga kelele ambazo kwa mngurumo wa injini sikuzisikia, nikajua ni vigelegele. Nikawapungia mkono. Kumbe ni enduru, ile mbiu yetu ya hatari inayotoka kilima hadi kilima, na kwa kuwa lori langu lilikwenda mwendo wa ng'ombe mwenye mimba, mbiu ilituacha mbali ikatangulia Nyakatuntu kabla hatujamaliza hata mteremko wa kwanza.

Rejeta ikaanza kutokota. Tukasimama kwenye nyumba moja kuomba maji, akatoka mama mmoja mtu mzima, peke yake.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Hapa hakuna wanaume."

"Sitafuti wanaume, mama, nataka maji."

"Walikufa," akasema.

"Wote?"

"Wote."

Nikavua kofia. Nikamuuliza walikufa na ugonjwa gani, akafikiri kidogo, akasema, "Tumbo." Nikampa pole, wazee nao wakampa pole kutoka juu ya lori mmoja mmoja, akatupa maji mengi sana na kutuaga haraka. Kijiji kilichofuata tukasimama tena (sabuni ilikuwa imekwisha kabisa sasa), na pale tukamkuta mwanamke ana mtoto mgongoni, na kabla sijamwamkia akasema mume wake amekufa, na shemeji zake, na jirani. Hawa waliuawa na kikohozi. Nyuma yake mlangoni palikuwa na kiko juu ya kigoda, kinatoa moshi, nami nikawaza, maskini, hata kiko cha marehemu hajakizima.

Baba mdogo Kaijage akaita mkutano juu ya mabenchi. Akasema hili ni balaa limeingia huku kwao Kyerwa, huku tumbo, kule kikohozi, wanaume wanaisha, na sisi ni wanaume, turudi. Wazee wengine wakamuunga mkono, kuna aliyeanza kushika tumbo lake. Mimi nikageuka kwenye usukani nikawaambia, tukirudi leo, juma lijalo ni la Muleba. Hilo ndilo nililolisema. Nililolificha ni kwamba niliogopa, kwa sababu kama watu wanakufa hivi njia nzima, Koku yuko katika hali gani? Sikuwa nawaza posa tena. Nilitaka tu kumwona amesimama kwa miguu yake. Tukaendelea.

Nyakatuntu tulifika mchana, na nyumba ya Mzee Kashaija niliitambua kwa jinsi ilivyofagiliwa. Nyasi mbichi zimetandikwa mpaka mlangoni, jikoni ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, zinatokota, na kwenye kigoda kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribisha mgeni. Kila kitu kipo, watu hawapo. Hata kuku hawakuonekana. Akatoka bibi mmoja mzee, mama yake Mzee Kashaija, macho yake yameingia ukungu, anatembea kwa kupapasa.

Hapa lazima niwaeleze jambo, msije mkauliza kwa nini hatukujieleza. Mposaji mwenyewe haruhusiwi kufungua mdomo kwa wakwe mpaka atambulishwe, kwa hiyo mimi nilikuwa nimeshakuwa bubu tangu getini. Na mshenga naye hasemi lililomleta mlangoni kama mtu aliyekuja kuuza kuku, mpaka akae, apewe kahawa, atafune, aulizwe. Baba mdogo Kaijage alikuwa mtu wa mila kwelikweli. Akasimama mbele ya bibi, akamwamkia, na bibi akanyoosha mkono kumpapasa, akagusa kabuti, akateremka mpaka kwenye kifungo cha shaba, akakiachia kama ameshika kaa la moto.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" akauliza Kaijage.

"Amekufa," akasema bibi.

"Mawe, mama yangu! Lini?"

"Jana."

"Na wanawe?"

"Nao."

"Amezikwa wapi?"

Bibi akatupa mkono nyuma bila kuangalia. "Huko migombani."

Tukaenda migombani, na kweli, katikati ya migomba palikuwa na udongo mbichi, umetifuliwa sasa hivi, urefu wa mtu. Najua mtasema, sisi Wanyambo wa Karagwe, nani asiyejua shimo la kuivishia ndizi za pombe? Tulijua. Tuliliona ni shimo la ndizi, tena lile tundu la kupitishia moshi lilikuwepo pembeni. Lakini Kaijage akatikisa kichwa akasema ndivyo ilivyo ugonjwa ukiwa mkali, watu hawana nguvu za kuchimba, wanamzika mtu kwenye shimo lililo tayari. Sote tukaona ni neno la maana. Wazee wakavua kofia, wakakaa chini kulizunguka lile shimo, na kwa kuwa mtu wa kwetu hawezi kuliacha kaburi bichi bila kusema kitu, wakaanza kusema.

Kaijage alitangulia. Akamsifu marehemu kwa mashamba na ng'ombe, kisha kwa kuwa hapakuwa na mtu wa nyumba ile karibu, ulimi ukalegea. "Ila tuseme ukweli," akasema, "marehemu alikuwa bahili. Kwenye mahari ametusumbua miezi na miezi kwa kutumiana wajumbe, kila tukikubaliana anaongeza mbuzi. Mungu anajua kupanga. Labda sasa tutazungumza na ndugu yake, wanasema yule ni mwepesi akishanywa." Wazee wakaitikia, ndiyo, ndiyo.

Kwenye msiba kila mtu ana haki ya kusema, hata mposaji. Nikapiga magoti. Nilianza kulia kabla sijasema, wala sioni haya kwa hilo, nililia machozi kabisa, maana nilikuwa namwona Koku yatima, au sijui hata yuko hai, na huyu mzee nimekuja kumwomba binti nikamkuta amefunikwa na udongo. Na mnajua mtu akimsemesha marehemu huwa hapimi maneno, nani atakuja kumdai? Nikasema, "Mzee wangu, sikukujua, lakini ningekuwa mwanao. Lori hili nililifufua kwa ajili ya nyumba yako. Ungekuwa hai, ningekubebea kahawa yako kila msimu mpaka Bukoba bila kukutoza hata senti, wewe na ndugu zako wote, mpaka lori hili life. Hawa wazee ni mashahidi wangu." Wazee wakasema, sisi mashahidi. Nikashika mtungi mmoja wa pombe tuliyokuja nayo, nikammiminia marehemu sehemu yake. Nikachagua lile tundu la moshi, ili imfikie.

Ikamfikia. Kaburi likakohoa.

Likakohoa tena, kikohozi kirefu cha mtu aliyepaliwa, udongo ukapanda na kushuka. Sitawaeleza wazee wale walikimbiaje, wengine ni marehemu sasa na waliobaki wana wajukuu. Niseme tu kwamba mtu aliyepandishwa kule Nyakasimbi kwa kusukumwa matako na vijana wawili, hapo alipanda lori peke yake bila kugusa ubao. Petro alikuwa kwenye hendeli anazungusha, lori halitaki, anazungusha, lori halitaki, na kule juu wazee wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa wamejipanga vilevile walivyokuja, wanasali Baba Yetu kwa sauti, kila mmoja mahali pake. Mimi nilibaki kwa magoti, na mtungi.

Mzee Kashaija akatoka shimoni. Alikuwa na majani makavu ya migomba kichwani, majivu usoni, na pombe yangu inamtiririka kwenye ndevu.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba," akajibu. Akajifuta uso. "Wewe ndiye uliyekuwa unalia?"

"Ndiye mimi."

"Na yule mwingine, aliyesema mimi bahili?"

Nikamwonyesha kwa kidole. (Baba mdogo Kaijage hajanisamehe kidole hicho mpaka leo.) Mzee akatembea polepole mpaka kwenye lori, na huku nyuma migomba ikaanza kutoa watu: wanawe, ndugu zake, majirani, kijiji kizima cha wanaume waliokwisha kufa kwa tumbo na kikohozi, wakaja wakatuzunguka. Ndipo bibi akasikia sauti ya Kaijage anaomba msamaha kwa mila zote anazozijua, akaelewa, akakaa chini akasema, "Kumbe ni wakwe!" Vicheko vikaanza. Mimi pia nilitaka kucheka ili mambo yaishe.

Lakini Mzee Kashaija hakucheka. Alilizunguka lori, akaigusa ile nyota, kisha zile namba za chokaa, akabaki amezitazama. Akasema, bila ukali, kama mtu anayeeleza njia, "Vita vya kwanza mimi nilibeba mizigo ya Wazungu, nikarudi mifupa. Vita hivi vya juzi likaja gari la rangi hii, likaegeshwa hapa hapa, likamchukua mdogo wangu. Halijamrudisha." Jamani, nilikwisha aibika siku ile kwa mambo mengi, lakini hapo ndipo niliposikia aibu yenyewe, nikatamani lile shimo nilipate mimi. Nilikuwa nimeuchukua msiba wa watu nikaung'arisha kwa brashi nikauleta kwao kwa mbwembwe. Nikamwambia hivyo hivyo: "Baba, sikufikiri. Nisamehe." Nikajua Koku amekwenda Muleba.

Mzee akaenda kunawa. Akarudi, akakaa kwenye kigoda chake, akaagiza kahawa iletwe, tukaitafuna. Kisha Kaijage akasimama, akakohoa kidogo, akaanza ile hotuba yake ya ushenga aliyoiandaa tangu mavuno. Mzee akainua mkono.

"Kaa. Hotuba yako nimeshaisikia."

Kaijage akakaa.

"Kijana huyu amenililia," Mzee akawaambia ndugu zake. "Mimi nina wakwe watatu, na hakuna hata mmoja ambaye nina hakika atanililia. Huyu nimemsikia mwenyewe. Halafu ameahidi kahawa yangu na yenu itakwenda Bukoba bure, mpaka lori life."

"Baba," nikasema kwa adabu, "ile nilikuwa naliambia kaburi."

"Nilikuwemo," akasema.

Hapo hata Petro alicheka, na Petro huwa hacheki. Mzee akamalizia kwamba wa Muleba apelekewe habari asichoke bure, kwamba mbuzi mmoja anaongezeka kwa sababu ya neno bahili, na kwamba siku ya harusi hataki kuliona lori lile na rangi ile. Wakamwita Koku, akaja, majani ya migomba bado yako kwenye nywele, akanitazama nilivyopauka magoti kwa udongo, akasema polepole ili nisikie mimi tu, "Mwanajeshi, leo hata shimo la ndizi limekushinda." Nikajua nimepata mke.

Tulilipaka bluu juma lile lile, kopo la misheni likatosha kasoro mlango mmoja. Na ninyi mkija kununua gari la jeshi, maana siku hizi naona vijana mnayatafuta, sisemi msinunue. Lifufueni tu, muwabebee watu kahawa, lakini kabla ya kulipaka rangi muulizeni mama aliyetupa ungo wa maharage na kufunga mlango. Mimi sikuuliza, nikabeba kahawa ya Nyakatuntu bure msimu baada ya msimu. Lori lilikataa kufa. Nimelibadilisha majani kwenye tairi sijui mara ngapi, nimeliziba rejeta kwa kila aina ya sabuni, halifi, na Mzee Kashaija naye akawa hafi, anakaa mbele pembeni yangu mpaka Bukoba na kurudi, ananikumbusha kupunguza mwendo, na kila tukipita shamba lenye shimo la ndizi anakohoa kidogo, makusudi.

Amekufa masika yaliyopita. Safari hii kwa kweli. Tulimpeleka makaburini kwa lori lile la bluu, mimi ndiye niliyeendesha, na baada ya kaburi kufukiwa wakaniambia mkwe aseme neno. Nikasimama. Watu wa Nyakatuntu walikuwa wameshaanza kutazamana, wamebana midomo, wanangoja niahidi kitu. Sikuahidi. Nilisema tu, "Baba, pumzika," nikanyamaza, lakini sikukaa. Nikabaki nimesimama pale nasikiliza, mpaka Koku akaja akanishika mkono. Wao walidhani nimekosa maneno. Nilikuwa nangoja akohoe.